Kongosho Linajuaje Kwamba Sukari Imepanda?

Vitabu vya baiolojia tunavyofundishia sekondari vina sentensi moja ambayo wanafunzi huikariri bila taabu: sukari ikizidi kwenye damu, kongosho hutoa insulini. Ni sentensi ya kweli, na kwenye mtihani inatosha. Mwaka mmoja, hapa Mbeya, binti mmoja wa kidato cha nne alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, linajuaje?" Darasa likacheka, mimi sikucheka. Kongosho limejilaza nyuma ya tumbo, halina jicho wala ulimi, na bado dakika chache baada ya mtu kula linajua kwamba sukari imeongezeka, tena linajua imeongezeka kwa kiasi gani. Tangu siku hiyo kila darasa ninalolifundisha hulipata jibu la swali lile kwa urefu. Leo naliandika hapa kwa sababu linawahusu wagonjwa wa kisukari kuliko linavyowahusu watahiniwa, na mmoja wa wagonjwa hao ni mama yangu mzazi.

Jibu lenyewe ni kwamba kongosho linaijua sukari kwa kuichoma. Halisubiri kuambiwa na ubongo. Seli zake zinazotengeneza insulini huchukua sukari kutoka kwenye damu, huiunguza ndani ya mitokondria, vile vijitanuru vidogo vilivyomo ndani ya seli, kisha hupima nishati iliyopatikana. Nishati ikipanda, insulini inatoka; ikishuka, insulini inabaki ndani. Mfikirie mwendesha mashine ya kusaga aliyefungiwa chumbani, asiyeiona foleni ya wateja nje. Atajua mahindi yaliyoletwa ni mengi au machache kwa kuangalia unga unaoshuka.

Kwenye seli nyingi za mwili mitokondria huzalisha nishati, na seli huitumia kufanya kazi zake. Kwenye seli hizi za kongosho, ziitwazo seli beta, nishati hiyohiyo ni taarifa. Ukiliona hilo, mambo mengi ya kisukari yanayosemwa kliniki na mitaani yanaanza kukaa mahali pake: kwa nini dawa fulani inaweza kumwangusha mgonjwa asiyekula, kwa nini kutembea kunashusha sukari hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi vizuri, na kwa nini kuna kisukari kinachopita kwa mama peke yake.

Kwanza kidogo kuhusu mahali penyewe. Sehemu kubwa ya kongosho haishughuliki na sukari ya damu hata kidogo. Inatengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya chakula na kuvimimina kwenye utumbo mwembamba. Seli beta zimo katika vikundi vidogo vilivyotawanyika humo, vinavyoitwa visiwa vya Langerhans. Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, na hakujua kazi yake ni nini. Mtu mzima ana visiwa kama milioni moja, lakini vyote kwa pamoja ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wa kongosho. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, akapata kisukari. Mwaka 1921 huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya John Macleod, walifanikiwa kuichuja insulini kutoka kwenye kongosho la mnyama, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa sindano yake. Historia hiyo ni maarufu. Swali la binti yule lilikaa miongo mingine sita bila jibu kamili.

Tuchukue asubuhi ya kawaida nyumbani kwetu. Mama anakunywa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha zilizoshuka na gari kutoka Rungwe. Wanga wa ndizi unavunjwavunjwa utumboni hadi kuwa glukosi, glukosi inaingia kwenye damu, na damu inapita kwenye visiwa. Seli beta haina masharti makali ya kuipokea glukosi: sukari ikipanda nje, inapanda ndani pia. Seli za misuli na mafuta si hivyo, maana hizo husubiri insulini ndipo zipokee sukari nyingi.

Ndani ya seli glukosi inakutana na kimeng'enya kiitwacho glukokinasi. Hiki nakipenda kuliko vyote, na wanafunzi wangu wanalijua hilo. Vimeng'enya vya aina yake vilivyo kwenye seli nyingine huwa vimeshajaa kazi hata sukari ikiwa kidogo, hivyo haviwezi kutofautisha sukari ya wastani na sukari nyingi. Glukokinasi huanza kuchangamka pale sukari ya damu inapofika kwenye milimoli 5 kwa lita, na hufikia nusu ya kasi yake kwenye milimoli 8 hivi. Yaani kasi yake hubadilika zaidi katika eneo lilelile ambalo sukari ya binadamu hupanda na kushuka baada ya mlo. Sukari ikiongezeka kidogo, nacho huongeza kasi kidogo.

Kutoka hapo glukosi inagawanywa hadi kuwa piruveti. Kwenye misuli ya mtu anayekimbia, piruveti nyingi hugeuzwa kuwa asidi ya laktiki bila kufika kwenye mitokondria. Seli beta imejinyima njia hiyo: kimeng'enya cha kutengeneza laktiki ni kidogo mno ndani yake. Kwa hiyo karibu piruveti yote inakwenda kwenye mitokondria, na hesabu haipotei njiani. Sijui kama ninaweza kuwaeleza wasomaji jinsi jambo hili linavyonigusa. Seli imefunga njia moja ya kupata nishati ambayo seli nyingine zinaitegemea wakati wa shida, ili kipimo chake kisidanganye.

Ndani ya mitokondria piruveti inapita kwenye mzunguko alioueleza Hans Krebs mwaka 1937. Elektroni zinavuliwa na kupitishwa kutoka protini moja hadi nyingine kwenye utando wa ndani, hadi zinapopokewa na oksijeni, ile tunayoivuta kwa pua. Kila zinapopita, protoni zinasukumwa kwenda upande wa pili wa utando, na hapo unajengeka msukumo wa umeme. Protoni zinaporudi zinapita katikati ya protini inayozunguka, na mzunguko wake ndio unaotengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Peter Mitchell, Mwingereza, alilipendekeza wazo la msukumo wa protoni mwaka 1961. Wengi walilipinga kwa miaka. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa ATP imeongezeka ndani ya seli, na ADP, yaani ATP iliyokwisha kutumika, imepungua. Juu ya utando wa nje wa seli beta kuna matundu madogo ya protini yanayoruhusu potasiamu itoke. Mtu akiwa na njaa matundu hayo yako wazi, potasiamu inatoka, na ndani ya seli kunabaki na chaji hasi ya karibu milivolti 70. Seli imetulia. ATP ikija inayashika matundu hayo na kuyafunga. Mwaka 1984 Frances Ashcroft na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba glukosi huyafunga matundu haya kwa kupitia kuchomwa kwake. Hapo swali la binti wa kidato cha nne likapata kiungo kilichokosekana.

Yanayofuata ni ya haraka. Potasiamu ikikwama ndani, umeme wa utando unabadilika. Mabadiliko hayo yanafungua matundu mengine, ya kalsiamu. Kalsiamu inaingia kwa kasi. Vifuko vilivyobeba insulini vinagusana na utando na kumwaga kilichomo kwenye damu. Seli beta moja ina vifuko kama 10,000, na sehemu ndogo tu ndiyo inayosubiri karibu na utando. Hiyo ndogo hutoka ndani ya dakika chache za mwanzo na kumalizika kwa dakika kama 10. Ni wimbi la kwanza. Wimbi la pili ni la polepole, linaendelea muda wote sukari ikiwa juu, na hilo nalo linategemea mitokondria, kwa sababu pamoja na ATP hutoa viini vingine vinavyosaidia kuvisogeza vifuko vya nyuma viende mbele. Hata kalsiamu iliyoingia hairudi nje yote mara moja: nyingine huingia kwenye mitokondria zenyewe na kuzihimiza zichome zaidi.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa makusudi. Mtaani kisukari kinasimuliwa kama adhabu ya ulafi. "Alipenda soda." "Alikuwa anaweka vijiko vitano." Mgonjwa anasikia hayo msibani, kwenye daladala ya Uyole, hata kwa watu wa nyumbani kwake. Mama yangu hajawahi kuwa mtu wa soda. Alilima Rungwe, akapanda na kushuka makorongo na mzigo kichwani tangu utotoni, na akafika uzeeni akiwa mwembamba. Kisukari chake hakianzii kwenye kijiko. Kinaanzia kwenye kipimo ambacho kimelegea.

Ushahidi ulio wazi kabisa kwamba kipimo hicho ni mitokondria umetoka kwenye familia zenye kasoro ya kurithi. Mitokondria zina DNA yao wenyewe, tofauti na ile iliyo kwenye kiini cha seli. Ni fupi, herufi 16,569 tu, na jeni 37. Mfuatano wake wote ulisomwa Cambridge na kuchapishwa mwaka 1981. Mwaka 1992 watafiti wa Uholanzi walichapisha habari za familia moja ambamo kisukari na uziwi vilikuwa vikienda pamoja, na vikipita kwa akina mama tu. Sababu ilikuwa herufi moja iliyobadilika, ile ya 3243. Mwanamume mwenye kasoro hiyo anaugua, lakini hawapi watoto wake, kwa kuwa mitokondria za mtoto hutoka kwenye yai la mama. Mwanamke mwenye kasoro huwapitishia watoto wake wote, kila mmoja kwa kiasi chake. Kwa wengi wa wagonjwa hao tatizo kubwa ni seli beta kushindwa kutoa insulini ya kutosha; na masikio huathirika kwa sababu seli za sikio la ndani nazo zinakula nishati nyingi mno.

Aina hii ni chache, karibu mgonjwa mmoja katika kila 100 wa kisukari katika nchi zilikopimwa. Hata hivyo naona inatuhusu huku kwetu kwa namna ya pekee. Nyanda za Juu Kusini wengi wetu tunahesabu ukoo kwa baba. Mtu akiulizwa kliniki, "Kwenu kuna mwenye kisukari?", akili inakwenda kwa baba, baba mdogo, babu, shangazi. Mama mdogo aliyeolewa Kyela na ambaye sasa hasikii vizuri hatajwi, kwa sababu huyo ni wa ukoo mwingine. Ningependa kila anayeulizwa swali hilo ajibu pia kwa upande wa mama, na aseme kama kuna waliopoteza usikivu wakiwa bado vijana au watu wazima wa makamo. Daktari akisikia hivyo anaweza kufikiria tofauti kuhusu dawa, kwa sababu metiformini, dawa ya kisukari ambayo nayo hugusa mitokondria, kwa wagonjwa wa aina hiyo kwa kawaida huepukwa.

Kuna jambo lingine la mitokondria ambalo mikoa yetu inalijua kwa uchungu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016 hadi 2017 uliikuta Njombe ikiwa na asilimia 11.4 ya watu wazima wanaoishi na virusi, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3, wakati taifa zima lilikuwa karibu na asilimia 5. Miaka ya mwanzo ya dawa za kufubaza virusi, wagonjwa wengi walianzishiwa stavudini. Iliokoa maisha ya watu wengi, na hilo lisisahaulike. Lakini stavudini ilikuwa pia ikizuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria. Ndiyo maana tuliwaona ndugu zetu mashavu yakibonyea, miguu ikifa ganzi. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia zaidi ya watu 33,000 wenye VVU huko Ulaya, Marekani na Australia, ulihusisha stavudini na ongezeko la kisukari. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiondoe hatua kwa hatua. Dawa zinazotumika sasa, kama tenofovir, hazizidhuru mitokondria kwa namna ile, na hakuna sababu yoyote ya mtu kuziacha. Ninachosema ni kwamba aliyeanza dawa miaka ile na leo ana umri wa miaka 50 au 60 anastahili kupimwa sukari hata kama hana dalili.

Turudi kwenye kisukari cha kawaida cha ukubwani, aina ya pili, kinachowapata wengi. Hapo mwili mara nyingi umeacha kuitii insulini vizuri, hivyo seli beta inaombwa itoe zaidi na zaidi. Sukari nyingi ikiambatana na mafuta mengi kwenye damu, mitokondria zinachoma bila kupumzika, na kuchoma kwingi kunazalisha viini vya oksijeni vyenye ukali vinavyounguza protini na utando. Seli beta ina kinga ndogo ya vimeng'enya dhidi ya viini hivyo ikilinganishwa na ini. Mitokondria zinavimba, umbo linaharibika, ATP haipandi tena kulingana na sukari iliyoingia. Matundu ya potasiamu yanachelewa kufunga. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977 na kutoa matokeo makuu mwaka 1998 ulikadiria kwamba mgonjwa wa aina ya pili, siku anapoambiwa ana kisukari, tayari amepoteza karibu nusu ya uwezo wa seli beta zake.

Kinachopotea mapema ni lile wimbi la kwanza, la dakika 10. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuwa na sukari nzuri asubuhi kabla ya kula, chini ya milimoli 6.1 kwa lita, halafu saa mbili baada ya chakula ikawa juu sana. Watu wengi hapa Mbeya wanapima asubuhi tu, wakiwa na njaa, wakipata 5.8 wanarudi nyumbani wakifurahi. Kipimo cha njaa ni kizuri, na 7.0 kwenda juu kikirudiwa kinatosha kusema ni kisukari. Lakini hakioni kila kitu. Kipimo cha saa mbili baada ya kunywa glukosi, ambacho kikifika 11.1 ni kisukari, humkuta mgonjwa ambaye wimbi lake la kwanza limeshakufa.

Dawa sasa. Glibenklamidi na gliklazidi, vidonge ambavyo wagonjwa wengi wa Mwanjelwa, Soweto na Ilomba wanavijua kwa rangi zake, hufanya kazi palepale kwenye tundu la potasiamu. Vinalifunga moja kwa moja. Havisubiri ATP. Mitokondria zinaweza kuwa hazijachoma chochote kwa sababu mgonjwa hajala, na bado kidonge kimefunga tundu, kalsiamu imeingia, insulini imetoka. Kipimo kimerukwa.

Jumapili moja nilimkuta mama amevaa kitenge cha kanisani, Biblia mkononi.

"Mama, umemeza dawa?"

"Nimemeza, mwanangu, mapema tu."

"Na chai?"

"Nitakunywa nikirudi."

Ibada zetu si fupi. Tulikaa naye kwenye kochi hadi alipomaliza kikombe na kipande cha kiazi, tukachelewa kanisani wote wawili, na sikuona vibaya. Kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa, maneno yasiyoeleweka kwa mzee aliyemeza glibenklamidi bila kula: hiyo ni sukari kushuka, na inaweza kuua ndani ya muda mfupi kuliko sukari kupanda. Akiwa anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari au soda ya kawaida mara moja, kisha chakula. Akiwa amezimia asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Nasema hivi kwa sababu nimeona familia zikiogopa kumpa mgonjwa wa kisukari sukari hata pale anapoihitaji ili aishi. Kwa wazee kuna jambo la ziada: Shirika la Afya Duniani halishauri glibenklamidi kwa walio na zaidi ya miaka 60, na linaipendelea gliklazidi. Mwenye mzazi wa umri huo amuulize daktari wake. Asibadilishe mwenyewe.

Metiformini ni habari nyingine. Inafanya kazi zaidi kwenye ini, ambalo usiku kucha hutengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu, na pia kwenye utumbo. Moja ya mahali inapogusa ni protini ya kwanza ya ule mnyororo wa elektroni ndani ya mitokondria za ini: inaupunguzia kasi kidogo. Ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, kwa kuwa haiilazimishi seli beta kutoa chochote. Asili yake ni mmea, Galega officinalis, uliotumika Ulaya kwa karne nyingi. Jean Sterne wa Ufaransa aliitumia kwa wagonjwa wa kisukari na kuchapisha matokeo mwaka 1957. Huwa nawakumbusha hilo wanaoniletea chupa za mitishamba za kusafisha kongosho. Siudharau mti. Mti huo wa Ulaya wenyewe ukiliwa ovyo huua kondoo. Kilichoufanya kuwa dawa ni kujua kiini kipi, kiasi gani, kwa mgonjwa yupi. Chupa isiyosema hayo, mama yangu hainywi.

Na kuna miguu. Mitokondria nyingi za mwili hazipo kwenye kongosho, zipo kwenye misuli. Msuli unapojikunja huvuta visafirisha sukari hadi kwenye utando wake hata kama insulini haipo ya kutosha, na sukari inaingia kuchomwa. Baada ya mwendo mzuri, msuli hubaki ukiitii insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Mtu akizoea kufanya hivyo kila siku, mitokondria zenyewe huongezeka: mwaka 1967 John Holloszy wa St. Louis alionyesha kwamba panya waliofundishwa kukimbia waliongeza vimeng'enya vya mitokondria kwenye misuli hadi karibu mara mbili. Kila sukari inayochomwa na mguu ni kazi ambayo seli beta haikuombwa kuifanya.

Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo katika vijiji sita vya Tanzania: waliokuwa na kisukari hawakufika asilimia 1 ya watu wazima. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulipata asilimia 9.1. Vipimo na watu waliopimwa havifanani, kwa hiyo siwezi kuziweka namba hizo kwenye mstari mmoja na kusema ongezeko ni hili. Lakini anayeishi huku anaona. Wazee wanaletwa Mbeya mjini kutoka Rungwe, Ileje, Makete, ili wapumzike. Wanaketishwa mbele ya televisheni, wanaletewa wali wa Kyela uliojaa sahani, na bodaboda inaitwa hata kwa safari ya kwenda jirani. Watoto wao wanafanya hivyo kwa upendo mtupu. Ningewaomba wamwache mzee atembee hadi sokoni asubuhi akiwa amekula, na arudi na mboga mkononi. Milima tunayo ya kutosha. Dona badala ya sembe pia husaidia, na sahani yenye maharage na mboga nyingi kuliko wali.

Kuna swali ambalo wagonjwa huniuliza wakijua nafundisha baiolojia: je, seli hizi zikishachoka, ndiyo basi? Si lazima. Roy Taylor na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walichapisha mwaka 2011 kwamba wagonjwa waliokula chakula kidogo sana kwa wiki nane walipunguza mafuta kwenye ini na kongosho, na wimbi lao la kwanza la insulini likarudi. Mwaka 2017 jaribio kubwa zaidi la huko Uskoti na kaskazini mwa Uingereza lilionyesha kwamba asilimia 46 ya waliopewa mpango huo walikuwa hawana tena kisukari baada ya mwaka mmoja, bila dawa, ukilinganisha na asilimia 4 ya waliopata huduma ya kawaida. Wote walikuwa wameugua kwa miaka isiyozidi sita, na walifanya hivyo chini ya uangalizi. Seli beta zao nyingi zilikuwa hai, zimenyamaza tu.

Lakini wale walikuwa watu wenye uzito mkubwa. Mama yangu ana kilo 51. Wapo wengi kama yeye kwenye foleni za kliniki za Nyanda za Juu Kusini, wakulima wembamba wa viazi na mahindi ambao hawana mafuta ya kupunguza na ambao kipimo chao kimelegea kwa sababu nyingine: huenda ni njaa ya utotoni, huenda ni kongosho lililodhurika, huenda ni mitokondria walizorithi kwa mama zao. Natamani wachunguzwe wao, hapahapa, kwa vipimo vya kisasa, na watibiwe kwa majibu yaliyotoka kwenye damu yao. Wanafunzi wangu wawili wa mwaka huu wameniambia wanataka kusomea kazi hiyo.